Hesabu ya vitu ulivyoacha kufanya

Wanaotaka kujua kama uhusiano wao una sumu huanza, karibu wote, na tukio kubwa: alinitukana mbele ya shemeji, alivunja simu yangu Krismasi, nilikuta meseji za mtu wa Roysambu. Tukio kubwa ni rahisi kulisimulia. Shida ni kwamba kila moja lina maelezo yake. Alikuwa amelewa, alikuwa amefutwa kazi, mimi nami nilimjibu vibaya. Ukiyapima moja moja, yote yanasameheka. Sisi tuliokaa na watu wengi wa namna hii hapa Nairobi, kutoka Kayole hadi Kawangware, tumejifunza kuuliza swali jingine: ni vitu gani umeacha kufanya kwa kuogopa kitakachofuata?

Hatuulizi ulivyokatazwa. Tunauliza vile ambavyo hakuna aliyekukataza, ila ulijikataza mwenyewe baada ya kupiga hesabu. Kuongea na mama kwa simu mwenzako akiwa ndani. Kucheka na kondakta. Kupitia soko la Gikomba Jumamosi, kwa sababu jam ya Jogoo Road itakuchelewesha dakika arobaini na utaulizwa kila dakika ilienda wapi. Kusema umeongezwa mshahara. Kuvaa lile rinda la kijani.

Tazama jioni moja ya kawaida katika chumba kimoja Pipeline, Embakasi. Ugali uko mezani, watoto wanamalizia kazi ya shule, redio ya jirani inasikika ukutani. Simu ya mama inalia kidogo, ni M-Pesa. Kaka yake aliye Nakuru, Baba Kelvin, amemtumia shilingi 500. Kabla hajausoma ujumbe ameshamtazama mumewe usoni, ameshakumbuka alivyoingia na uso gani kutoka kazini, ameshaandaa sentensi mbili za kueleza pesa hizo ni za nini na kwa nini zimekuja leo. Anasema, "Ni Baba Kelvin, amerudisha ile ya dawa." Mume hata hakuwa amegeuka. Hakuna tusi, hakuna mkono ulioinuliwa, na jirani akipita mlangoni ataona familia inakula. Lakini hesabu ile ya sekunde tatu ndiyo ugonjwa wenyewe, na mama huyu huipiga mara ishirini kwa siku.

Kwa hiyo anza na daftari. La kurasa 48 latosha. Kwa wiki sita andika tarehe, kilichosemwa kwa maneno yake yenyewe, na kitu ulichoacha kufanya kwa sababu yake. Tunasema wiki sita kwa kuwa wiki mbili zinaweza kuangukia kipindi kizuri. Wiki sita hazikosi kupita mwisho wa mwezi, na kodi na karo zikikutana ndipo tabia hujitokeza. Usiandike kwenye simu, na usilifiche daftari chini ya godoro, maana hapo ndipo pa kwanza kutafutwa. Liweke kazini, kwa dada yako, au kwa mama mboga unayemwamini. Maoni yako yaache nje. "Alikuwa mkali" haitakufaa kitu. "Alisema nikienda mazishi ya shosho nisirudi" itakufaa wewe, na pengine hakimu.

Kuna anayeuliza kama si kila ndoa ina kujinyima. Ina. Ila angalia kama mnajinyima nyote wawili, na kama jambo lenyewe laweza kuzungumzwa bila mtu kulipizwa. Ukitaka kujua uko wapi, jaribu "hapana" ndogo. Isiwe ya ugomvi, iwe ya kawaida tu: "Jumapili hii sitakuja kwa kina Otieno, nitaenda Kitengela kumwona dada." Jibu la papo hapo lisikushughulishe, kwani mtu yeyote aweza kununa. Angalia siku tatu zinazofuata. Aliyenuna yakamwisha, akauliza dada anaendeleaje, huyo ni binadamu kama wewe. Anayekaa kimya siku tatu, pesa ya chakula ikakosekana ghafla, mtoto akaambiwa "mama yako hana haja nasi", huyo anakufundisha bei ya kusema hapana. Na kama ameshawahi kukupiga, kukukaba koo au kukutishia kwa kisu, usijaribu chochote. Jibu unalo.

Nairobi kamba ya kwanza hufungwa kwenye simu, na ndani ya simu ni M-Pesa. Huanza kwa utamu: tupeane PIN, si tunapendana? Baada ya miezi michache unakuta Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hujaichukua wewe, mkopo wa programu ya simu umeombwa kwa kitambulisho chako, na jina lako ndilo linalopelekwa CRB, kwenye rekodi za wasiolipa madeni. Kamba ya pili ni Sacco. Ukishamdhamini mkopo, akiba yako imefungwa mpaka alipe au apatikane mdhamini mwingine, na tumeona watu waliokuwa na pesa ya kuondokea lakini hawangeweza kuitoa. Kamba ya tatu ni kazi yenyewe: ugomvi unaozuka usiku wa kuamkia mahojiano, sare ya kazi isiyoonekana asubuhi, simu kumi na tano kabla ya saa nne mpaka bosi aanze kukutazama vibaya. Ukiachishwa kazi, yeye ndiye wa kwanza kukufariji.

Watu hudhani haya ni mambo ya chumbani ambayo sheria haiyajui. Inayajua. Sheria ya Kenya ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inataja unyanyasaji wa kiuchumi na wa kihisia, kutishwa, kufuatwafuatwa, kuharibiwa mali, na hata wakwe kuingilia mambo yenu. Kipengele hicho cha wakwe huwachekesha watu tukiwasomea, halafu wananyamaza. Si lazima muwe mmefunga ndoa wala mnakaa nyumba moja: wachumba, walioachana, wenye mtoto pamoja na walio na uhusiano wa karibu wote wamo. Wanaume wamo pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake nchini wamepata kupigwa tangu wakiwa na miaka 15. Kwa wanaume ni asilimia 27. Mwanamume wa Nairobi huchelewa kusema kwa sababu anajua atachekwa, kwa hiyo daftari lake lina kazi kubwa zaidi, maana ndilo litakalosema akishindwa yeye.

Kuhusu msamaha tunakaa kidogo, kwa sababu ndiyo mtego unaonasa hata wasomi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mzunguko ambao mtu wa Umoja au Githurai angeutambua bila kufundishwa: presha inajaa, inapasuka, halafu kunakuja siku za asali. Hapa kwetu siku za asali huja na robo kuku na chipsi kwenye karatasi, soda ya lita mbili, na mtu aliyekuwa hasali sasa anaongoza sala. Si kila uhusiano mbaya una asali. Mwingine ni mchungu mwanzo hadi mwisho. Ila ukiwa nayo, usiipime kwa utamu wake. Hesabu kwenye daftari siku zilizopita kati ya mlipuko na mlipuko. Zikiwa zilikuwa tisini, zikawa arobaini, zikawa kumi na mbili, hiyo ndiyo taarifa. Na msamaha wa kweli una vitu vitatu unavyoweza kuvishika: ametaja alichofanya bila kuongeza "lakini wewe", amerudisha alichochukua, iwe PIN, simu au pesa, na ameacha kwa muda unaohesabika. Zawadi haimo kati ya hivyo vitatu.

Si wapenzi tu. Kuna ndugu mkubwa anayejua siku yako ya mshahara kuliko wewe, na rafiki ambaye kila ukitoka kwake unahisi umechunwa ngozi. Daftari ni lilelile. Dawa ni nyepesi zaidi kwa sababu hamlali chumba kimoja: taja kiasi, taja tarehe, usieleze sababu. "Nitatuma 1,500 tarehe tano" inatosha. Ukianza kueleza utajibiwa, na ukijibiwa utashindwa.

Turudi nyumbani. Makosa tunayoyaona yakirudiwa ni matatu, na yote hufanywa kwa nia njema.

La kwanza ni kwenda ushauri wa ndoa mkiwa wawili wakati mmoja anamwogopa mwenzake. Ukisema ukweli mbele ya mchungaji, utaulipia mkifika nyumbani. Usiposema, mchungaji atawashauri kuhusu mawasiliano. Nenda peke yako kwanza. Wazee nao wana kazi yao, hasa kwenye mahari na mali, lakini wengi watakuambia mvumilivu hula mbivu. Ukienda kwao, waombe kitu kimoja tu: waandike kwamba ulifika, tarehe gani, na ulilalamikia nini.

La pili ni kutangaza. "Mwezi ujao naenda" husemwa kwa hasira, kama silaha, na ni silaha inayomgeukia aliyeishika. Kuondoka ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, kwa kuwa mtu aliyekuwa akitawala kwa woga anaona woga umeisha nguvu. Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2024, maelfu walipojaa barabara za Nairobi na miji mingine kulalamikia mauaji ya wanawake, vilio vingi vilikuwa juu ya waliouawa na watu waliowajua vizuri. Dalili tunazozichukulia kwa uzito mno ni hizi: amewahi kukukaba koo, ana silaha au ameitaja, ametishia kuua akaeleza na namna, anakufuata kazini, alikupiga ukiwa mjamzito, anasema ukienda atajiua. Ya koo iko juu ya zote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzake alikuwa na uwezekano wa kuuawa zaidi ya mara 7 kuliko aliyenyanyaswa bila kukabwa. Ukiwa na hata moja ya dalili hizi, usipange peke yako. Piga 1195, haina malipo, ni ya wanaopitia ukatili wa kijinsia. Ikiwa ni mtoto, 116. Hatari ikiwa mlangoni, 999 au 112.

La tatu ni kurudi kuchukua vitu. Tutafika huko.

Sasa maandalizi ya kuondoka. Pesa kwanza. Chumba cha 6,000 hakihitaji 6,000. Kinahitaji 12,000, kwa sababu ya amana, na wenye nyumba wengine wanataka kitu cha maji au stima juu yake. Ongeza godoro, sufuria mbili, mtungi wa gesi wa kilo 6 au jiko la makaa, nauli ya wiki mbili na chakula cha wiki mbili. Chini ya 20,000 utaanza kukopa wiki ya kwanza, na anayekopa wiki ya kwanza humpigia aliyemkimbia wiki ya tatu. Weka kidogo kidogo kwa mkono wa mtu mmoja unayemwamini, taslimu. Akaunti mpya ya benki ni nzuri ikiwa ujumbe wake hauingii kwenye simu anayoikagua. Wakati huohuo angalia jina la mrithi kwenye Sacco na kwenye bima, na usitie saini ya udhamini mwingine wowote. Ukibanwa, sema Sacco imekataa.

Mfuko uwe mdogo, kama wa mtu anayeenda hospitali. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kijitabu cha kliniki, vyeti vya shule, kadi ya benki, dawa unazotumia kila siku, funguo za ziada, nguo mbili mbili. Ukishindwa kutoa vyeti halisi nyumbani, vipige picha kwa simu ya mwingine. Risiti za mabati, saruji na ploti zina thamani kuliko kochi: Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba mali ya wanandoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango anaouthibitisha. Aliyekaa na mtu bila ndoa rasmi azishike risiti kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mwezi huohuo mahakama hiyohiyo ilisema kudhaniwa kuwa mmeoana ni jambo la nadra. Taarifa yako ya M-Pesa inayoonyesha ulilipa fundi nayo ni risiti.

Kuhusu simu watu hukosea kwa haraka. Wanagundua wanafuatiliwa, wanakata kila kitu usiku huohuo, na mwenye kufuatilia anajua saa hiyohiyo kwamba kuna jambo. Iache simu ya kila siku kama ilivyo, iendelee kusema uongo wa kawaida. Mipango yote ifanyike kwa mulika mwizi, simu ndogo ya vitufe, yenye laini nyingine, inayokaa kwa rafiki au kazini. Siku ukiondoka, ndipo ufunge milango yote kwa mpigo: badilisha PIN ya M-Pesa kwa *334#, nenosiri la barua pepe kabla ya mengine yote kwa sababu hilo ndilo ufunguo wa mengine, kisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na benki. Kwenye WhatsApp fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utoe usichokijua, na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye akaunti ya Google angalia simu zilizoingia humo na uzime kushiriki mahali ulipo. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: mwenye PIN au barua pepe yako huenda akapata njia ya kusoma taarifa ya M-Pesa, na kioski cha mtaa wako mpya kimeandikwa humo kwa jina.

Siku yenyewe iwe ya kazi, saa nne hivi asubuhi, yeye akiwa mbali na wewe ukionekana mtu wa kwenda sokoni. Usiku si rafiki. Katika ploti nyingi za Nairobi keateka, yaani msimamizi wa nyumba, hafungui geti vitu vikitoka usiku, na hata mchana atataka kujua kodi imelipwa. Akipiga simu kwa aliyeandikisha nyumba, umeshikwa na kitanda mgongoni. Ndiyo maana tunasema mfuko tu. Televisheni ibaki, kabati libaki, seti ya sufuria za harusi ibaki. Kama kuna kitu huwezi kukiacha, kidaiwe baadaye kwa barua ya wakili, au mwende na afisa wa polisi mchana kweupe. Usiende na shemeji aliyekuhakikishia kwamba "ametulia". Kurudi kuchukua nguo ndiko kunakowapeleka watu chumba cha dharura.

Watoto wakiwezekana waondoke nawe. Uwaambie siku hiyohiyo, si kabla, maana mtoto wa miaka sita hana siri, na si kosa lake.

Ikitokea umepigwa kabla ya hayo yote, hospitali kwanza, polisi baadaye. Aliyekabwa koo aende hata kama hana alama, kwa sababu uvimbe wa ndani unaweza kuja saa kadhaa baadaye: sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, vidoadoa vyekundu machoni, au kama ulijikojolea bila kujua, mwambie daktari neno kwa neno. Aliyebakwa, hata na mumewe, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na kila saa ya mapema ni bora. Kuzuia mimba ni hadi saa 120. Asioge, na nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi au gazeti. Nailoni huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Kituo cha kuhudumia waathiriwa wa ukatili cha Nairobi Women's Hospital kimekuwapo tangu 2001, na hospitali ya Kenyatta pia kuna kitengo cha kazi hiyo.

Kituoni ulizia dawati la jinsia. Una haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako. Jitayarishe kwa sentensi moja, kwa sababu bado inasemwa: "Haya ni mambo ya nyumbani, mama. Rudini mkaongee." Usibishane, na usilie ukaondoka. Sema, "Sawa, afande. Hata kama hamtamkamata leo, naomba iandikwe kwenye OB na nipewe nambari." OB ni kitabu cha matukio cha kituo. Kisha simama hapo. Nambari ya OB, tarehe, saa, na jina la afisa viingie daftarini kabla hujavuka geti. Ulizia fomu ya P3, ya kuandikia majeraha yako. Fomu yenyewe haiuzwi. Ataijaza polisi sehemu yake na daktari sehemu yake, nawe ubaki na nakala. Kesi nyingi hufa kwa sababu P3 ilichukuliwa, ikawekwa kwenye droo, na majeraha yakapona.

Amri ya ulinzi ni njia nyingine na haingoji kesi ya jinai. Inaombwa mahakamani, kwa mfano Milimani, Makadara au Kibera, na hakimu anaweza kutoa ya muda bila mwenzako kuitwa kwanza. Inaweza kumkataza kukukaribia, kuja kazini kwako, kukupigia, hata kuingia katika nyumba mliyokaa wote. Hapo ndipo daftari lile, nambari za OB na karatasi za hospitali hukaa meza moja. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichopo tangu 1985, husaidia wanawake wasio na pesa ya wakili, na Kituo cha Sheria pia husaidia wasiojiweza. Amri ikitoka, beba nakala mkobani na upeleke nyingine kituo kilicho karibu na unapolala sasa, usiiache kwa kile cha mtaa wa zamani. Amri isiyojulikana na afande wa zamu ni karatasi tu.

Neno kwa ndugu na marafiki, kwa kuwa ninyi ndio mnaochoka haraka. "Si umwache tu" haijamtoa mtu yeyote nyumbani. Mpe vitu vitatu: mahali pa kuweka mfuko, laini ya pili, na neno la siri. Neno la siri liwe la kawaida kiasi kwamba laweza kusemwa mbele ya mwenzake, kama "ile ndoo ya bluu utanirudishia lini?" na mkubaliane mapema linamaanisha nini: njoo sasa, au piga polisi. Jirani wa ukuta mmoja anaweza kufanya zaidi ya mjumbe wa nyumba kumi kwa kugonga mlango saa ile na kuomba chumvi. Usiingie, usihukumu, omba chumvi kwa sauti na usiondoke upesi. Na akirudi kwa mwenzake baada ya kutoka, usifunge mlango wako. Watu wengi hutoka zaidi ya mara moja.

Ukishatoka, shule iandikiwe barua inayosema ni nani anaweza kumchukua mtoto. Kumwambia mwalimu getini hakutoshi, kwa kuwa mwalimu wa zamu hubadilika. Matunzo ya mtoto ni haki yake: Katiba, kifungu cha 53, inawapa wazazi wote wawili jukumu hilo, wawe walioana au la. Yalipwe kwa M-Pesa ili yawe na rekodi, na yaongelewe kwa njia moja ya maandishi. Simu usipokee. Mazungumzo ya mtoto yaandikwe kama ya ofisini: "Karo ni 8,500, mwisho tarehe 10." Ujumbe ukirudi na "kwani wewe umekuwa nani siku hizi", hakuna swali la mtoto hapo, kwa hiyo hakuna la kujibu.

Wiki ya tatu hadi ya sita ndiyo mbaya. Chumba kipya kina mwangwi, maji huja Jumatano tu, mtoto anauliza baba, na unaanza kukumbuka robo kuku na kusahau siku kumi na mbili. Wengine huanza kujiuliza kama walizidisha. Wakati huo rudi kwenye daftari, lakini usianzie kwenye matukio makubwa. Soma safu ya tatu, ya vitu ulivyokuwa umeacha, halafu weka alama ya tiki kando ya kila ulichokirudia. Mama mmoja wa Dandora alianza na kumpigia mama yake akiwa amewasha spika, anakaanga vitunguu, mlango wazi.